Herufi za Makoroboi

Mkasi wa bati haupendi kupinda.
Hilo nililijua kabla sijaigusa kompyuta:
nilikuwa naokota vipande chini ya meza ya fundi Ng'wandu,
pembetatu zenye alama za mafuta ya alizeti bado,
nikazipanga juu ya jiwe, nikasoma: A.

Ndiyo fonti yangu.
A haina mkanda, ni paa tu.
S ni ngazi iliyoteguka goti.
O ina pembe sita, kama nati,
na G ni nati iliyofunguliwa na spana isiyo yake.
Ncha zote nimezikata mshazari mmoja,
utadhani neno zima linakimbia
na upepo wa ziwa unalipiga ubavuni.

Na mji wenyewe huu, jamani!
Mawe yake mviringo, yamebebana kama viazi sufuriani,
hakuna hata moja lililonipa mstari.
Shangazi Kabula aliinamia skrini:
"Hizi herufi zinamgombeza nani?"
Nikamwambia ni za kesho.
"Basi kesho," akasema, "tutavaa miwani."

Vijana walizipokea. Zipo kwenye jezi za Igoma,
saba ya mgongoni imekaa kama shoka.
Zipo kwenye banda la gemu pale Nyegezi,
na kwenye kava la mwimbaji mmoja wa Buzuruga
ambaye hajanilipa.
Duka la dawa nililikatalia.
Huandiki "kutwa mara tatu"
kwa fonti ambayo tatu na nane ni ndugu wa damu.

Kisha akaja Doto, mwenye mtumbwi wa injini,
akataka jina lake ubavuni, kubwa, rangi ya chungwa.
Nilichora siku mbili.
Mwaloni Kirumba karani akainua kalamu, akasoma:
OOTO.
Mwalo mzima ulicheka. Doto akacheka pia,
na jina likamganda.

Mwezi wa nne alirudi. Kiti hakukikalia.
Alitaka zilezile, kwenye saruji, za pacha wake
aliyemtangulia kuzaliwa, akamtangulia tena:
KULWA.

K ilikuja yenyewe. L haina maneno. W, meno ya msumeno.
Nilikwama kwenye U.
Kwangu U ni beseni la pembe,
kila utakachokiweka kitagonga ukuta.
Saa nane za usiku, umeme umerudi,
niliishika nukta moja nikaivuta chini,
taratibu,
mstari ukalegea, ukapinda
kama mbeleko inapopokea uzito.

Ipo moja tu, U hiyo. Kwenye fonti ninayouza haimo.
Ipo Kisesa, na mvua imeanza kuiota ukungu.
Siku ya kuiweka, Doto alipitisha kidole ndani yake,
kushoto kwenda kulia, mara mbili,
akajifuta vumbi la saruji kwenye suruali,
kisha akaniuliza
kama naweza kumrekebishia ile D.