Arudie Mlima

Karatasi ilisema: alama za barabarani, amefaulu.
Kona, amefaulu. Rivasi kati ya mapipa, amefaulu.
Kisha, kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino:
Mlima, arudie.

Nikacheka peke yangu pale chini, karibu na stesheni.
Mlima huu? Mimi?
Niliupanda hadi Mwanga na robota la khaki kichwani
kabla sijajua bei ya kiatu,
nikaupanda na mimba ya Ntahondi, kisha ya Nyamwiza,
na siku ile ya mvua nikaupanda na cherehani,
miguu ya chuma begani kwa shemeji, kichwa cha mashine kwangu.
Haukunirudisha nyuma hata unyayo.

Lakini kirikuu kilirudi.
Hatua mbili, labda tatu.
Nyuma yangu kijana anasukuma baiskeli,
madumu manne ya mawese;
nikamwona kwenye kioo anaiachia, anaruka mtaroni,
mawese yakabaki kujiamulia pa kwenda.
Hayakumwagika. Mungu ana kazi nyingi, na hiyo nayo aliifanya.
Afande Masalu akavuta hendibreki kwa mkono wake,
na mimi, badala ya kuona aibu,
nikaona kifungo cha mkono wa shati lake jeupe
kinaning'inia kwa uzi mmoja.

Wiki mbili.
Mwalimu Ruhomvya ananiambia: mama, isikilize klachi.
Naisikiliza, inanguruma tu kama mtu anayedaiwa.
Mwanangu ananiambia: mama, ongeza mafuta.
Naongeza, mbuzi wa jirani wanahama.
Usiku nashona sare za Kasulu, sketi arobaini,
na mguu wangu wa kushoto, ambao hakuna aliyeupeleka chuo,
unakanyaga nusu, unasita,
unalizuia gurudumu lisirudi nyuma uzi ukakatika.
Nikasimama, sindano ingali ndani ya kitambaa.
Kumbe wewe unajua.
Kumbe miaka thelathini na moja unajua, hukusema.

Jumanne. Mlima uleule, saa nne, jua halina adabu.
Afande amepanda, anachokonoa meno.
Kifungo hakipo tena, pini imekishikia nafasi.
Ulimi ukaniwasha. Nina uzi mweupe kwenye pochi, nina sindano,
ni kazi ya dakika moja.
Nikaumeza. Neno la kifungo kabla ya saini
lina jina lingine.

"Simama hapa. Haya, ondoka."

Mguu ukapanda taratibu, ukasita.
Gari likatetemeka kidogo, likashika.
Nikashusha hendibreki
na hatukwenda popote.
Si mbele, si nyuma,
ziwa zima limejaa kwenye kioo,
wanawake wanapita na mabeseni ya dagaa, hawana habari,
na mimi nimeushikilia mlima kwa kidole gumba cha mguu.
Ningekaa hapo hadi adhuhuri.

"Mama, nimesema ondoka."

Nikaondoka.

Alisaini juu ya boneti, kalamu mpya, wino wa kutosha.
Nikangoja aikunje karatasi, anipe, niifutike kifuani.
Ndipo nikamwambia: sasa nipe mkono, afande.
Akaunyoosha, akidhani namshukuru.
Nikatoa sindano.