Tairi la Ndani

Mimi siulizi hali. Naanza na tairi.
Naliviringisha hadi mlangoni penye mwanga,
napitisha kidole gumba, mfereji baada ya mfereji,
na safari inajieleza yenyewe
kutoka Ijuí hadi bandari ya Rio Grande, na kurudi.

Likilika katikati, mwenyewe amelijaza upepo kupita kiasi
ili lori linywe dizeli kidogo.
Likilika bega moja, ekseli imepinda
na fundi hajalipwa.
Likilika mabega yote mawili, ni uzito:
tani mbili za soya juu ya kibali,
na hizo mbili ndizo zake.
Zilizobaki ni za benki, za pampu, za vibanda vya ushuru,
na za dalali Egon Kerber,
mwenye kontena, feni na simu mbili,
asemaye kila msimu wa mavuno:
"Bei ndiyo hiyo. Usipochukua, nyuma yako wako kumi na mmoja."
Siku moja nilitoka nje nikawahesabu.
Walikuwa tisa.
Wawili walikwisha kuuza.

Valdecir Strapazzon naye aliuza, lakini shamba:
hekta nne za babake, akanunua lori la buluu,
kuukuu, mlango wa kushoto una rangi ya lori jingine.
"Sasa bosi ni mimi," alisema.
Sijaona bosi mkatili kama yule.
Humwamsha saa tisa za usiku,
akiugua hamlipi,
na Krismasi alimlaza kwenye foleni ya mizani.

Ubavuni mwa tela ana kisanduku cha jikoni:
jiko la gesi, sufuria, chumvi kwenye kopo la kahawa.
Bandarini alikaa saa thelathini na moja.
Unawasha jiko, aliniambia,
maharage yanaanza kutokota, foleni inasogea;
unazima, unasogea mita sita, unawasha.
"Maharage yale yamesafiri kuliko mimi."
Alirudi mtupu. Mbolea ya kurudi nayo
walipewa malori ya kampuni.

Machi akaniletea tairi
nililokwisha kulivalisha mpira mpya mara mbili.
Nikaligonga kwa nyundo.
Zima huitika. Hili lilikohoa.
"Valdecir, hili limekufa."
"Hata mimi," akasema, "ila sijaambiwa."
Tukacheka, kisha hatukucheka.

Jipya ni faida ya safari nne.
Kwenye daftari langu jina lake liko tangu Oktoba,
na muuza mpira wa Porto Alegre
halipokei neno "wiki ijayo".
Ningeweza kumkopesha? Nilihesabu. Nikahesabu tena,
polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo
kwenye mfuko aliokwisha kuupekua.

Basi tukalifunga upande wa ndani,
pale matairi yanapokaa mawili mawili
na tochi ya polisi haifiki.
Mimi ndiye niliyeshika spana.
Nati kumi. Nilizikaza vizuri sana,
vizuri kuliko siku zote.

Amekwenda na kurudi mara tatu. Akipita hupiga honi,
nami nainua mkono wenye grisi.
Macho yangu yako chini, kwenye magurudumu.

Dada yangu anaishi Pelotas.
Nikienda kumwona, njia ni ile ile,
na ukingoni mapande ya mpira yamejikunja juani.
Zamani niliyapita tu.
Siku hizi naegesha, nashuka,
nageuza pande moja moja kwa ncha ya kiatu,
natafuta muhuri wangu.