Mjane wa Keko

Banda la Chedieli liko Keko Magurumbasi,
kati ya wapaka vanishi na mama wa mihogo.
Mlango ni pazia. Ndani, mabenchi mawili ya mbao za mabaki,
televisheni ya chogo,
na pedi mbili; moja haina kitufe cha kujikinga.

Diski ilikuja bila jalada.
Maandishi yake vijumba na vijiti,
hakuna wa kuyasoma kuanzia hapa hadi Chang'ombe,
basi wapiganaji tukawabatiza wenyewe.
Yule wa mapanga mawili, kiuno cha nyigu, ni Shangazi wa Harusi:
hafiki mahali pasivurugike.
Mwenye shoka refu kuliko yeye ni Kodi ya Nyumba,
anakuja polepole, lakini anakuja.
Jitu la rungu, uso wa chuma, Mwalimu wa Zamu.
Wa upanga unaonyumbuka kama mjeledi tulimwita Maneno.
Na yuko Mjane
(ujane tulimpa sisi, kwa ile shuka nyeupe)
ana kisu tu, kifupi, cha kumenyea machungwa.
Aliyembonyeza kwa makosa alichekwa mpaka akatoka nje.

Mia mbili pambano. Aliyepigwa ananyanyuka,
mshindi anabaki mpaka makalio yaote mizizi.
Mimi nilibaki siku nyingi. Nilikuwa na Maneno,
nilikuwa na miaka kumi na minne,
na kwa mjomba nilipiga msasa
miguu ya makochi ya watu nisiowajua.

Siku hiyo akaingia fundi Pazi.
Vumbi la mninga kwenye nyusi, penseli sikioni,
mkono wa kulia vidole vitatu.
Viwili viliondoka na msumeno mwaka wa mvua kubwa;
ubao wenyewe ulipanguswa, ukapigwa randa,
ukawa kabati la mtu Mbezi.
Akaweka mia mbili juu ya chogo.
Akashika pedi ile mbovu.
Akamchagua Mjane.

Yusto alicheka akaporomoka benchini.
Zamda, muuza barafu, akachungulia pazia na kughani:

*Leo kisu cha jikoni, chapigana na upanga,*
*Mjane yu uwanjani, hana ngao wala kinga,*
*Rudi, fundi, kiwandani, ukapige randa, chonga,*
*Au lala mchangani, watoto wakupe chenga.*

Raundi ya kwanza nilimchinja, banda likapiga miluzi.
Ya pili sikuelewa.
Maneno hupiga kwa mbali, ndiyo sifa yake.
Fundi hakujikinga, angejikinga na nini?
Alisogea tu, nusu hatua pembeni,
kama anayepisha ubao unaotoka mashineni,
na nikiwa bado naukunjua upanga wangu mrefu
Mjane yuko kifuani, anamenya chungwa.

Mapambano matano. Elfu nzima ya msasa.
Barafu za Zamda ziliyeyuka ndooni, hakujali.
La sita, Luku ikaisha.

Gizani, Chedieli akihangaika na namba za umeme,
nikamuuliza fundi jambo ambalo Keko nzima haimuulizi:
vidole haviumi?
"Vinawasha. Hasa hivyo visivyokuwepo."
Akanyamaza. Nilisikia anapapasa pedi, kitufe kwa kitufe.
"Msumeno haukunipa raundi ya pili.
Hapa umenichinja mbele za watu, nikainuka,
na naondoka na vidole vilevile nilivyokuja navyo.
Kwa mia mbili, mwanangu, hiyo bei nzuri."

Umeme uliporudi alikuwa ameshatoka.
Kwenye chogo amebakiza alama ya kiganja, vumbi jekundu,
vidole vitatu.

Jumatatu mjomba aliniita kwenye mashine,
mara yangu ya kwanza. Nikasimama nusu hatua pembeni.
"Nani kakufundisha kusimama hivyo?"
Nikasema, kuna mjane mmoja.
Mjomba akanitazama sana,
kisha akawasha.