Blanketi la Mwezi wa Saba

Mafinga, saa nne asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya magogo.
Tunapasua mbao taa zikiwaka,
pumzi zinatutoka kama za ng'ombe wa kulimia.

Mwaka jana palikuwa na ubao pale mlangoni:
SIKU 61 BILA AJALI.
Zikifika tisini, kila mtu kilo tano za sukari.
Siku ya sitini na mbili nilijikata.
Nikafunga kidole kwa kipande cha khanga,
nikatia mkono mfukoni, nikacheka na wenzangu.
Nani angetaka kuwa yule
aliyemwaga sukari ya watu arobaini?

Tisini zikatimia. Chai ilikuwa tamu.
Kidole kikaoza.

Chaula, msimamizi mpya, aliniuliza imekuwaje.
Nikamwonyesha mkono, basi.
Akaenda ubaoni, akafuta namba kwa kiganja,
chaki ikambaki kwenye sweta.
"Sihesabu siku tena. Namhesabu anayesema."
Tukaona huyu naye hatamaliza mwezi.

Halafu Julai hii, Jumanne,
lori la Dar linanguruma getini,
Semeni, anayefagia maranda,
mwenye mshahara mdogo kuliko sote,
akausikia msumeno unalia vingine,
kama mtoto anayeanza homa.
Akaweka ufagio chini.
Akabonyeza kitufe chekundu.

Kimya.
Dereva akatukana. Sisi tukamtazama Semeni
kama mtu aliyeiba.
Fundi Mgovano akafungua kava,
akapitisha tochi kwenye meno,
akasimama kwenye moja:
ufa, mrefu kama ukucha.
Akazima tochi. Akakaa chini.

Jumamosi, mbele ya wote,
Chaula akamfunika Semeni blanketi zito la mistari,
juu ya vumbi la mbao hivyo hivyo.
"Lori lilichelewa saa tatu," akasema.
"Mikono yote imerudi nyumbani."
Nilipiga makofi kwa vidole tisa.
Sijui kama yalisikika.

Jumatatu nikauinua mkono huo huo:
kinga ya mashine ya tatu imelegea.
Sauti yangu ilitetemeka, nikasingizia baridi.

Nikapewa glavu mpya za kubebea mbao.
Ya kushoto ina kidole kisicho na mwenyewe.
Usiku mke wangu alikikunja ndani,
akakishona polepole,
uzi mwekundu, mishono midogo midogo,
wala hakuniuliza zimetoka wapi.
Alijua. Nilimsimulia kabla sijavua buti.