Nta ya Sakafu

Julai. Wanafunzi hawapo,
na Iowa inatokota kama uji uliosahauliwa jikoni.
Mimi na mashine ya kukwangulia
tumepewa ukumbi wa chini, toka lango hadi chumba cha boila,
tuondoe nta ya mwaka mzima.

Mwaka mzima? Bwana Vernal Tice,
aliyepiga deki humu miaka thelathini na mmoja kabla yangu,
alicheka akinikabidhi funguo:
"Hapo hakuna mwaka, Nabintu. Hapo pana karne."

Nakwangua.
Tabaka la juu laja kijivu: nyayo za raba, bazoka,
chenga za karatasi za kung'aa za dansi ya Mei.
La chini yake lina tope.
Hilo ni la mto, siku ile darasa la nane
walipopanga mstari kwenye ngazi kupandisha vitabu,
si kichwani, huku hawabebi kichwani,
kifuani, kama watu waliobeba vichanga.
Piano haikupandishwa. Ilivimba, ikapasuka usiku,
na Bwana Tice anaapa aliisikia kutoka kwake.

Kisha vigae vya kijani, vya hamsini na nne.
Mgodi ulikuwa bado unalipa kodi,
mji ukajiona tajiri, ukajenga jumba la mpira wa kikapu
ambalo paa lake tunalikingia ndoo hadi leo.

Mlangoni mwa darasa la Hesabu kigae kimebanduka.
Chini yake ubao, na juu ya ubao penseli ya fundi:
H. Brandmeyer, 1916,
na mstari wa Kijerumani uliochimbwa kwa tindo
mpaka herufi zikabaki makovu.

Mwaka wa kumi na nane amri ilitoka:
Kiingereza tu. Shuleni, kanisani, hata kwenye simu.
Binti wa fundi alifundisha papa hapa, Bi Ottilie,
mwanamke wa sehemu na desimali.
Aliitii amri mdomoni.
Lakini hesabu haitoki mdomoni, ee,
hesabu hutoka pale ulipojifunzia kuhesabu maharage ya mama yako,
na asubuhi moja, mikono imejaa madaftari,
alihesabu ngazi kwa sauti.
Wanasema alifika kumi na moja.
Pasaka haikumkuta kazini.

Picha ya walimu ingali ukutani, karibu na kabati la vikombe.
Nyuso tisa, majina manane.
Nimeifuta vumbi miaka minne
na sikuwahi kuhesabu.

Agosti mwanangu Ombeni ataingia darasa la saba.
Jana kiwandani kwa nyama, baba yake aliambiwa na msimamizi
mezani, wakati wa chakula, aseme lugha ya watu.
Hakunieleza. Nilisikia kwa mke wa Mushagalusha.

Nimekirudisha kigae, gundi pembe nne.
Nimemwaga nta mpya, nikaivuta na mopu kinyumenyume
hadi mguu wangu ukagusa ngazi.
Itataka dakika arobaini kukauka.
Kibao cha njano kiko mlangoni, mtu asikanyage.

Napanda, nikihesabu kwa sauti.
Nimeketi kwenye ngazi ya kumi na mbili.