Kamba Nisiyoiona

Kila asubuhi kilikuwa kigumu kama mti,
kisigino changu cha kulia.
Nilishuka kitandani kwa ncha za vidole,
nikishika ukuta, nikimtukana mtu nisiyemjua.
Safari ya kwanza maumivu yalilegea,
yakanidanganya. Jioni yalirudi na riba.

Miaka minne hivyo.
Maji ya chumvi. Majani ya M'Cirhuza
yaliyonuka kama sambaza wa juzi.
Mwishowe viatu vya kisigino kirefu, vya mtumba,
na soko zima la Kadutu likacheka:
mbeba mizigo na viatu vya harusi!
Wacheke. Ndivyo pekee vilivyonipa usingizi.

Kilo tisini za unga, au makaa ya Idjwi,
kamba kwenye paji la uso, macho kwenye tope,
toka Muhanzi kule ziwani hadi juu sokoni.
Bukavu haijui neno tambarare.
Kila hatua ya kupanda
kisigino kinabaki nyuma, mwili unakivuta.

Daktari Bashizi alibonyeza kwa kidole gumba,
pale pale. Nikaruka.
Akainua picha kwenye mwanga wa dirisha:
mfupa umeota mwiba, kano inausugua,
nyuzi za katikati zimeoza.
Akawa anatafuta mfano.
Usihangaike, Daktari, nikamwambia,
mimi na kamba tunafahamiana miaka ishirini na miwili.
Kamba haikatiki siku ile inayokatika.
Huanza zamani, ndani, na nje bado nzima.
Akaweka kalamu chini. Ndipo aliponitazama usoni.
"Ndivyo hivyo, Mama."

Likelemba ndiyo iliyolipa.
Tulikuwa wanawake kumi na wanne, zamu ilikuwa ya Nsimire,
na Nsimire alikuwa akingojea mabati.
Alisema: mvua naijua, imeshazoea sufuria zangu.
Hakusema zaidi. Alihesabu noti mara mbili.

Wakanichoma sindano ya mgongo,
wakanilaza kifudifudi. Mkao ninaoujua:
uso chini, mgongo juu.
Safari hii mgongoni hapakuwa na kitu.
Hapo nikalia. Muuguzi akadhani nahisi kisu.
Miguu haikuwa yangu tena,
masikio yalikuwa yangu.
Nilisikia wakikwangua, kama ukoko wa ugali,
kisha patasi ndogo, ko, ko, ko,
kisha Daktari akihesabu mishono kwa Kifaransa
na mtu akiuliza kama umeme utafika mwisho.

Mwiba wakanipa ndani ya chupa ya vidonge.
Ni mdogo kuliko punje ya hindi.
Nikaugeuza, nikautikisa.
Magunia yote yale, na aliyeniangusha ni huyu.

Plasta wiki sita, vidole vikielekea chini
kama mtu anayechungulia juu ya ua.
Ngazi za Cimpunda nilizishuka kwa makalio,
mjukuu wangu Asifiwe mbele,
gongo langu begani kama bunduki.
Shusha hiyo, nikamwambia. Shusha sasa hivi.

Miezi tisa.
Nasimama ukingoni mwa ngazi, nashusha kisigino,
napandisha, mara kumi na tano, polepole,
majirani wanauliza nasali dini gani.
"Tembea," Daktari ameniambia. "Mizigo, hapana."
Hata kilo ishirini?
Akageukia dirisha. Nje wanawake walikuwa wakipanda
kwa mstari, vichwa mbele.
Hakujibu. Bei ya unga anaijua naye.

Zamu yangu ilipofika nikaipeleka kwa Nsimire.
Na Jumamosi, ole wake atakayemwambia Daktari,
nilijitwika mabati mawili kati ya yale yake,
nikayapandisha mwenyewe.
Kisigino kilinung'unika penye kona,
kikanyamaza.
Mabati ndiyo yaliyopiga kelele njia nzima.