Hayazoleki Pamoja

Hadubini nimeilaza ubavu,
nimeiegemeza kwenye ndoo tupu ya mtindi,
ili juu iwe juu kweli na chini iwe chini,
na tone la maziwa ya Pongwe, lililozimuliwa mara mia,
lisimame wima kati ya vioo viwili.

Maabara ya kiwanda, Tanga, saa nane mchana.
Feni imekufa tangu Jumanne.
Kazi yangu ni kukamata maji waliyoongeza wafugaji.
Hii si kazi yangu. Hii ni saa yangu ya chakula.

Mafuta hupanda. Kila mama wa Muheza anajua:
acha sufuria usiku, asubuhi kuna malai.
Lakini punje moja ya mafuta haina habari za malai.
Inasukumwa na maji, inasukumwa tena,
inapanda, inakwenda kombo,
na mara mojamoja inazama,
kwa nguvu ya joto lilelile linaloihangaisha.
Nami nakumbuka kugeuza, maana hadubini hupindua:
inayopanda naiona ikishuka.

Wiki tatu nahesabu, kwenye daftari la madeni ya jibini.
Kwa hatua ya mstari mmoja,
zikipanda tatu, mbili hushuka.
Mistari miwili: tisa kwa nne.
Mitatu: ishirini na saba kwa nane.
Hapo niliweka kalamu chini.
Nilidhani ni bahati nasibu. Ni bahati nasibu,
ila inatoa risiti.

Bwana Mntangi, meneja, alichungulia akasema:
zinazoshuka zifute, ni makosa ya jicho.
Sikuzifuta.
Hizo chache hupimwa kwa mawe mazito,
ukiiondoa moja mzani haurudi sawa.

Leo asubuhi, getini, kamba ya katani ikakatika
na keni la Mwinjuma likaanguka kutoka kwenye pikipiki.
Lita ishirini juu ya lami.
Mlinzi akasema lile neno
linalosemwa na mtu ambaye maziwa si yake:
yakimwagika hayazoleki.
Nzi walifika kabla ya ufagio.

Mwinjuma akaniangalia, na koti langu jeupe.
"Wewe wa vioo. Ni kweli hayazoleki?"

Ningemwambia nini? Kwamba neno lile ni la umati?
Kwamba punje mojamoja hulivunja
mara mbili kwa kila tano, mbele ya macho yangu?
Lakini kwa lita ishirini, zidisha tatu kwa mbili,
zidisha tena, usilale, zidisha,
mpaka tarakimu zijae daftari, zijae ghala,
zipange mistari kama mikonge hadi Korogwe
na bado hujamaliza kijiko cha kwanza.
Haba na haba hujaza kibaba.
Haba na haba pia hufunga mlango.

Nikaandika pembeni, kwa mizani ya mama:

Sheria haikatazi, bei yake huitaja,
tone halina ajizi, hulipa senti likaja,
ndoo haina mwokozi, hata dunia ingoja,
ndipo wakanena wazi: hayazoleki pamoja.

Sikumsomea. Shairi angelifanyia nini
mtu anayedaiwa lita ishirini?
Nilimsainia lita mbili, "sampuli za maabara",
maziwa ambayo hayakunigusa hata kidole.
Kumi na nane zimebaki kwake.
Mlinzi alifungua bomba, weupe ukaenda mtaroni.

Saa tisa kasorobo. Punje moja inashuka.
Mstari wa pili. Wa tatu.
Nje nasikia pikipiki inakataa kuwaka.
Wa tano. Nazuia pumzi nisitikise kioo.
Wa sita.
Sijawahi kuandika wa saba.

Kalamu iko wapi.